Polima zenye vinyweleo: zinavyonasa kemikali ambazo kuchemsha maji hakuziondoi

Kuchemsha maji huua bakteria, virusi na vimelea, na klorini huua bakteria na virusi vingi kwa gharama ndogo. Kwa sababu hiyo njia hizo mbili zimekuwa msingi wa elimu ya afya ya jamii kwa miaka mingi, na zinastahili kuendelea kuwa hivyo. Hata hivyo, lipo kundi la vichafuzi ambalo moto wa jikoni hauligusi. Kiuatilifu kilichosombwa na mvua kutoka shambani, rangi ya vitambaa iliyoingia mtoni kutoka kiwandani, au masalia ya dawa za binadamu yaliyopita katika mabwawa ya majitaka, hubaki ndani ya sufuria hata baada ya maji kutokota. Baadhi ya kemikali hizo, zile zinazopeperuka kwa urahisi, hutoka pamoja na mvuke. Nyingi hazitoki, na kwa kuwa sehemu ya maji yenyewe hupotea, kiasi kinachobaki katika kila lita huongezeka kidogo.

Wataalamu huziita kemikali hizo vichafuzi vya kikaboni, yaani kemikali ambazo umbo la molekuli zake limejengwa juu ya mifupa ya atomu za kaboni. Jina hilo lisichanganywe na neno "hai" linalotumika kwa mazao yasiyonyunyiziwa dawa. DDT ni kemikali ya kikaboni kwa maana ya kikemia. Katika Afrika Mashariki mifano yake si ya kutafuta mbali. Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam umepokea majitaka ya viwandani, yakiwemo ya viwanda vya nguo, kwa miongo kadhaa. Vikuge, wilayani Kibaha, ni eneo linalofahamika kwa udongo uliochafuliwa na shehena ya viuatilifu vya zamani vilivyoachwa hapo hadi vikavuja. Kwa upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulibaini katika bonde la Mto Nairobi masalia ya dawa za maumivu, antibiotiki na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kupatikana kwa dawa hizo mtoni si dalili ya uzembe wa mgonjwa yeyote: sehemu ya dawa anayomeza mtu hutoka mwilini ikiwa haijabadilika, na mitambo mingi ya majitaka duniani haikusanifiwa kuishughulikia.

Viwango vinavyozungumzwa ni vidogo kiasi cha kupotosha fikra. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaweka kikomo cha DDT na masalia yake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita. Katika tangi la lita 10,000, lile ambalo familia nyingi za mijini huweka juu ya mnara nyuma ya nyumba, kiasi hicho ni miligramu 10 tu. Jicho haliwezi kukiona, ulimi hauwezi kukionja, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa maji hayo yanaweza kuwa meupe kama ya mvua. Shabu na mbegu za mlonge, ambazo wananchi wamezitumia kwa muda mrefu kutuliza tope, hukusanya chembe zinazoelea na kuzizamisha. Kemikali iliyoyeyuka haielei, hivyo hubaki palepale.

Njia iliyozoeleka zaidi ya kuiondoa ni mkaa amilifu. Huu ni mkaa wa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe uliochomwa kwa namna maalumu ili uwe na matundu madogo yasiyohesabika. Kemikali za kikaboni nyingi hazipendani na maji. Zikikutana na uso wa kaboni hujishikiza hapo kuliko kuendelea kuzungukwa na maji. Kitendo hicho ni tofauti na kuchuja kwa kitambaa. Kitambaa huzuia kilicho kikubwa kuliko tundu lake, ilhali mkaa huvuta kilicho kidogo na kukishika katika kuta za matundu yake. Mkaa amilifu ni bidhaa inayojulikana vyema, inapatikana katika maduka ya vifaa vya maji, na hakuna sababu ya kuudharau.

Unazo kasoro tatu. Kwanza, matundu yake ni ya ukubwa mchanganyiko na mengi yamejificha ndani sana, hivyo kemikali huchukua muda mrefu kuyafikia. Pili, maji ya mito na mabwawa huwa na mabaki ya majani na udongo yaliyooza, yale yanayoyapa rangi ya chai, na mabaki hayo huziba matundu kabla ya kiuatilifu kufika. Tatu, mkaa uliojaa hauoshwi kwa maji. Ili utumike tena hurudishwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 au zaidi, jambo linalohitaji kiwanda na nishati, na katika kila mzunguko sehemu ya mkaa hupotea.

Polima zenye vinyweleo zilibuniwa kwa sehemu kubwa kukabiliana na kasoro hizo. Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga katika uzi. Mfuko wa plastiki, nailoni na hata wanga wa ugali ni polima. Kwa kawaida nyuzi hizo hulaliana na kubanana, zisiache nafasi. Ili polima iwe na vinyweleo, nyuzi zake hufungwa kwa vipande vigumu vya kuunganishia, zikazuiwa kulaliana. Anayetaka kupata picha ya jambo hilo aitazame nyumba ya miti na fito kabla haijakandikwa udongo: kwa sababu kila ufito umefungwa katika mti, nafasi kati yake hubaki wazi. Ukizifungua kamba, vyote huanguka na kuwa lundo lisilo na nafasi.

Historia yake ina miaka mingi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1935, nchini Uingereza, wakemia Adams na Holmes walitangaza resini za kwanza za kutengenezwa zilizoweza kubadilishana ioni na maji, na kutokana nazo ikazaliwa tasnia nzima ya kulainisha maji magumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Umoja wa Kisovieti, Vadim Davankov na wenzake walichukua polistirini, aina ileile ya plastiki inayotumika kutengeneza vikombe vya kutupa, wakaivimbisha katika kiyeyusho na kisha kuifunga nyuzi zake kwa viungo vingi vigumu ikiwa bado imevimba. Kiyeyusho kilipoondolewa nyuzi hazikuweza kurudi mahali pake. Polima ya namna hiyo inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 au zaidi katika gramu moja, maana yake gramu 7 zina uso unaokaribia kutandaza uwanja mzima wa mpira wa miguu. Mwaka 2005 kundi la Omar Yaghi, mkemia ambaye miaka ishirini baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyo jirani na hiyo, lilichapisha polima ambazo vinyweleo vyake vimepangwa kwa utaratibu kama sega la nyuki.

Kwa miaka mingi ushindani kati ya maabara ulikuwa wa kutafuta uso mkubwa zaidi. Kazi iliyobadilisha mwelekeo huo kwa upande wa maji ya kunywa ilitoka katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na ilichapishwa katika jarida la Nature mwanzoni mwa mwaka 2016. Kundi lililoongozwa na mkemia William Dichtel lilitumia kitu cha kale kiitwacho saiklodekstrini, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza na Mfaransa Antoine Villiers mwaka 1891. Saiklodekstrini hutengenezwa na kimeng'enya kutokana na wanga. Ile aina ya beta ina vipande saba vya sukari ya glukosi vilivyoshikana kuwa pete, yenye umbo la kikombe kisicho na kitako. Nje ya kikombe hupatana na maji, ndani yake hayakaribishwi sana. Upana wa tundu hilo ni takribani sehemu sita hadi saba za kumi za nanomita moja, nafasi inayotosha kuingia kemikali nyingi zenye pete za kaboni, zikiwemo rangi kadhaa, dawa na viuatilifu.

Viwanda vya vyakula, dawa na manukato vilikuwa vimeitumia saiklodekstrini kwa muda mrefu kabla ya hapo. Polima zilizotengenezwa nayo hapo awali hazikuwa na vinyweleo, hivyo vikombe vingi vilifichika na kutofikiwa. Kundi la Cornell liliunganisha vikombe kwa kipande kigumu chenye florini, nyumba ikasimama wima, na vikombe vikawa wazi. Polima iliyopatikana ilikuwa na uso wa mita za mraba zipatazo 263 kwa gramu, kiasi ambacho mkaa amilifu wa kawaida hukizidi mara kadhaa. Hata hivyo, ilipopimwa kwa bisfenoli A, kemikali inayotumika katika plastiki ngumu na katika utando wa ndani wa makopo ya vyakula, ndani ya sekunde 10 ilikuwa imenasa takribani asilimia 95 ya kiasi ilichoweza kunasa kwa ujumla. Kasi yake ya kunasa ilizidi ile ya mikaa amilifu na polima za saiklodekstrini zisizo na vinyweleo kwa kati ya mara 15 na 200.

Matokeo hayo yana uzito kwa sababu yanaonesha kwamba ukubwa wa uso si kipimo pekee, wala si kipimo bora. Ghala kubwa lenye mlango mmoja mwembamba hujaa polepole kuliko soko dogo lenye milango pande zote. Mtambo wa maji wa mji hauwezi kuyaweka maji pamoja na dawa kwa saa nzima. Maji hupita kwa dakika chache, na kinachonaswa ni kile kilichowahi kufikiwa. Aidha, tundu lenye ukubwa mmoja haliruhusu kila kitu. Mwaka 2017 watafiti walioilinganisha polima hiyo na mkaa amilifu kwa kutumia vichafuzi 83 tofauti walibaini kwamba mabaki ya majani na udongo hayakuiathiri kama yalivyouathiri mkaa, kwa kuwa molekuli za mabaki hayo ni kubwa mno kuingia katika vikombe. Uchaguzi huo una upande wake wa pili: vipo vichafuzi ambavyo kikombe hakivishiki vizuri na mkaa huvishika. Polima moja haitafaa kwa kila mto.

Jambo la pili lililoitofautisha ni namna ya kuisafisha. Polima iliyojaa ilioshwa kwa methanoli, aina ya pombe isiyonyweka, katika joto la kawaida la chumba, ikaachia kemikali ilizonasa na kutumika tena bila kupoteza uwezo kwa kiasi cha kuonekana. Kwa nchi ambayo umeme na mafuta ya tanuri ni gharama kubwa ya uendeshaji, tofauti kati ya kuosha na kuchoma si ndogo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja na kemikali za PFAS, zinazoitwa pia kemikali za milele. Hizi ni kemikali za kutengenezwa zenye minyororo ya kaboni iliyofunikwa florini, zilizotumika katika vikaango visivyogandisha, vitambaa visivyolowa na povu la kuzimia moto wa mafuta. Kifungo kati ya kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara zaidi katika kemia ya kikaboni, hivyo jua, bakteria na muda haviviozeshi. PFOS iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Tanzania na Kenya ni wanachama wa mkataba huo tangu mwaka 2004. Mwezi Aprili 2024, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa kila moja ya kemikali hizo mbili. Katika bwawa la kuogelea la Olimpiki lenye lita 2,500,000, huo ni uzito wa miligramu 10, kiasi kilekile kilichotajwa hapo juu kwa tangi la nyumbani.

Polima ya kwanza ya saiklodekstrini haikuimudu vyema PFOA. Watafiti walibadilisha kiungo, wakaweka kingine chenye florini nyingi zaidi, na mwaka 2017 waliripoti kwamba polima mpya iliishusha PFOA kutoka mikrogramu 1 kwa lita hadi chini ya nanogramu 10 kwa lita. Baadaye ziliundwa nyingine zenye chaji chanya, kwa kuwa PFAS nyingi zikiwa majini huwa na chaji hasi. Hapo ndipo inapoonekana faida kubwa ya polima dhidi ya mkaa: mkaa hupatikana kama ulivyotoka tanurini, ilhali polima husanifiwa kulingana na kinachowindwa.

Kunasa, hata hivyo, si kuangamiza. Kemikali iliyokuwa imetawanyika katika maji ya mji mzima sasa imo ndani ya chupa ya methanoli, ikiwa kali mara nyingi zaidi, na mtu lazima aamue itakwenda wapi. Taarifa nyingi kuhusu teknolojia hizi hulipita suala hilo kwa haraka kuliko linavyostahili. Dawa na rangi nyingi zinaweza kuchomwa katika matanuri yenye joto kali, au kuharibiwa kwa kemikali nyingine. Kwa PFAS kazi ni ngumu zaidi. Mwezi Agosti 2022, Dichtel, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Northwestern, na wenzake walionesha katika jarida la Science kwamba PFOA na jamaa zake zinaweza kuvunjwa katika joto la nyuzi 80 hadi 120 tu, kwa kutumia kiyeyusho kiitwacho DMSO pamoja na sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ambayo watengenezaji wa sabuni wanaifahamu. Florini yake hugeuka kuwa fluoridi. Njia hiyo haikufanya kazi kwa PFOS, ambayo kichwa cha molekuli yake ni cha salfa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali la haki ni kama teknolojia hii inaweza kufika hapa. Malighafi yake kuu ni wanga, na kimeng'enya kinachotengeneza saiklodekstrini hufanya kazi kwa wanga wa mahindi, viazi na hata muhogo, zao linalolimwa kuanzia Mtwara na Pwani hadi Kigoma na Kanda ya Ziwa. Isihitimishwe haraka kwamba polima itakuwa rahisi kwa sababu muhogo ni rahisi. Viungo vyenye florini hutengenezwa katika viwanda vichache vya kemikali nje ya bara hili, na unga mwembamba wa maabara hauwezi kutiwa moja kwa moja katika mtungi wa kuchujia, kwa kuwa hubana na kuzuia maji yasipite. Tatizo hilo la pili limepata ufumbuzi wa kiasi: mwaka 2019 ilichapishwa namna ya kuiotesha polima juu ya chembe za selulosi, ikapatikana punje zinazoruhusu maji kupita. Selulosi ndiyo inayounda pamba na katani.

Uwezo wa kitaalamu katika kanda hii nao upo. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kutoka Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa kichujio kinachounganisha mchanga na vifaa vya kiwango cha nano, ambacho husanifiwa kulingana na uchafuzi wa eneo husika. Wazo ni lilelile la kuchagua mtego baada ya kumjua mnyama.

Ni muhimu pia kufahamu ambacho polima hizi hazikusudiwi kukifanya. Fluoridi inayodhoofisha meno na mifupa ya wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara si kemikali ya kikaboni, na kikombe cha saiklodekstrini hakiishiki. Kwa tatizo hilo mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, unabaki kuwa njia inayofaa zaidi. Chumvi ya visima vya pwani nayo haiondolewi kwa njia hii. Polima wala mkaa haviui vijidudu. Kinyume chake, bakteria huweza kuota juu ya punje zilizokaa na maji kwa muda mrefu, na mkaa huondoa klorini iliyokuwamo.

Kwa sababu hiyo, katika mtambo wa mji na hata katika kichujio cha mkaa kinachouzwa kwa matumizi ya nyumbani, mpangilio haubadilishwi: tope hutulizwa kwanza, kemikali hunaswa baadaye, na klorini au kuchemsha hufuata mwishoni. Kifuko cha mkaa hubadilishwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji hata kama maji bado yanatoka masafi kwa macho, kwa kuwa mkaa uliojaa unaweza kuanza kurudisha majini kile ulichokishika. Iwapo kisima kipo karibu na ghala la zamani la viuatilifu, shamba linalonyunyiziwa dawa mara kwa mara au mkondo wa majitaka ya kiwanda, ladha na rangi ya maji haviwezi kutoa jibu; sampuli hupelekwa katika maabara yenye mitambo ya kromatografia, ikiwa katika chupa safi ya kioo, kwa kuwa baadhi ya kemikali hizi hujishikiza katika kuta za chupa ya plastiki na kipimo kikasoma pungufu.